Uchaguzi mdogo wa mbunge: kazi ya ajenti kituoni, hatua kwa hatua

Kila kiti cha mbunge kikibaki wazi mahali simu yangu huanza kuita, na maswali ni yale yale. Nimepewa kituo, sasa nafanya nini? Kiapo naapa wapi? Wakikataa kunipa fomu je? Kabla ya zile chaguzi ndogo za tarehe 27 Novemba 2025, Malava, Mbeere Kaskazini, Kasipul, Ugunja, Magarini, Banissa na kwingineko, nilijibu watu mmoja mmoja mpaka sauti ikaisha, kwa hivyo nimeamua kuandika yote hapa mara moja ili mwingine akiuliza nimtumie hii.

Hii ni ya Kenya, na ni ya mtu ambaye hajawahi kuwa ajenti, yaani mtu wa chama au wa mgombea anayeangalia kura zikipigwa na kuhesabiwa kituoni. Kama unataka kugombea hiyo ni mada nyingine.

Sheria kidogo tu halafu tuendelee. Mbunge akifa, akijiuzulu, akihama chama, akikosa vikao 8 bila ruhusa ya spika, au mahakama ikifuta uchaguzi wake, kiti kinakuwa wazi. Spika ana siku 21 za kuijulisha IEBC, tume ya uchaguzi, kwa maandishi na uchaguzi mdogo unafaa kufanyika ndani ya siku 90 tangu kiti kiwe wazi, isipokuwa imebaki miezi 3 au chini ya hapo kabla ya uchaguzi mkuu, hapo kiti hakijazwi. Kuchelewa kunaumiza watu kweli kweli. Banissa walifiwa na mbunge wao Machi 2023 na tume wakati huo haikuwa na makamishna, wapya wakaapishwa Julai 2025, kwa hivyo wale watu walikaa zaidi ya miaka miwili na nusu bila mtu wao bungeni. Siku ya kura ikifika baada ya kungoja hivyo, mtu anayekaa kwenye ile benchi ya maajenti anafaa kuwa anajua anachofanya.

Na kama bado unadhani kura moja moja hazina maana, Magarini mwaka wa 2022 tofauti ya wa kwanza na wa pili ilikuwa kura 21. Eneo bunge zima. Kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Juu, uchaguzi ukafutwa, ikabidi watu warudi debeni 2025.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kitambulisho chako halisi, picha kwenye simu haitoshi
- Barua ya uteuzi kutoka kwa chama, au kwa mgombea mwenyewe kama ni wa kujitegemea
- Kiapo cha kutunza siri kikiwa kimesainiwa na kupigwa muhuri, na nakala yake
- Daftari, na kalamu 2 au 3, manake moja itaazimwa na haitarudi
- Tochi nzuri. Si ya simu, tochi
- Simu iliyojaa chaji na pawabenki
- Kalkuleta ndogo
- Chakula na maji ya kutosha kutoka alfajiri mpaka usiku wa manane, na sweta
- Namba za ajenti mkuu wa eneo bunge na za wakili wa chama, ziandike kwenye karatasi pia

Usivae kitu chochote chenye rangi au nembo ya chama wala picha ya mgombea, hata kofia. Wengine hurudishwa mlangoni kwa sababu ya tisheti tu, na kabla wapate ya kubadilisha sanduku limeshafungwa na hawakuona lilikuwa na nini ndani.

Hatua ya 1: Jua kituo chako hasa ni kipi

Hapa ndipo wengi wanaanza kukosea. Shule moja inaweza kuwa na vituo 4 au 5, kila darasa moja ni kituo kivyake, kina namba yake, debe lake, mashine yake na fomu yake ya matokeo. Kituo kimoja hakifai kupita wapiga kura 700, ndio maana shule kubwa inagawanywa kwa herufi za majina. Kwa hivyo ukiambiwa "wewe utakuwa pale shule ya msingi" uliza mara moja: darasa gani, kituo namba ngapi? Na kama chama kimetuma mtu mmoja kwa shule yenye vituo 4, wapigie simu leo, vituo 3 havina macho yenu.

Hatua ya 2: Barua na kiapo

Chama kinaruhusiwa ajenti mmoja kwa kila kituo, na mgombea wa kujitegemea anateua wake. Majina yanapelekwa kwa msimamizi wa uchaguzi wa eneo bunge. Hakikisha jina lako kwenye barua limeandikwa vile vile lilivyo kwenye kitambulisho, kwa mpangilio ule ule, na namba ya kitambulisho iko sawa. Usingoje siku ya mwisho kuapa kwa sababu siku ya mwisho kunakuwa na foleni ya mamia ya watu na afisa mmoja mwenye muhuri.

Swali linaloulizwa sana: ni lazima niwe mpiga kura wa hapo? Kazi ya ajenti haikutaki uwe umesajiliwa hapo, ila kura utapiga tu kama uko kwenye sajili ya eneo hilo. Maoni yangu ni kwamba ajenti wa kijijini ni bora mara kumi kuliko aliyeletwa na basi kutoka mjini, kwa sababu yeye anajua mzee fulani alizikwa mwezi uliopita, kwa hivyo jina lake likiitwa na mtu akasimama, anashtuka.

Na tukiwa hapo, kama hukuwa umejisajili hakuna cha kufanya sasa. Kutoka kiti kitangazwe kuwa wazi mpaka siku ya kura, usajili katika eneo hilo unasimamishwa. Anayekuambia anaweza kukuingiza kwenye sajili kwa pesa kidogo anakula pesa yako.

Hatua ya 3: Siku moja kabla

Nenda ukaone mahali. Pima muda wa kutembea kutoka unapolala hadi pale, ukijua utatembea gizani. Kampeni zinafaa kuwa zimekwisha saa 48 kabla ya kura kwa hivyo usikubali kutumwa kugawa chochote usiku huo, wala kubeba mtu wala pesa. Ukikamatwa mgombea wako amepoteza ajenti na wewe una kesi. Andika kwenye daftari majina ya wagombea wote, acha nafasi ya kuhesabia kwa kila mmoja. Lala mapema.

Hatua ya 4: Fika kabla ya saa 12 asubuhi

Kura zinaanza saa 12 asubuhi, wewe uwe mlangoni kufikia saa 11. Jitambulishe kwa msimamizi wa kituo kwa heshima, mpe barua na kiapo, msalimie karani, msalimie askari. Mtakaa pamoja siku nzima na pengine usiku, na ukianza kwa fujo utaishia kwa fujo.

Kisha angalia haya mambo na uyaandike:

Debe likiwa tupu. Msimamizi analigeuza, analionyesha watu, ndipo linafungwa na zile sili za plastiki zenye namba. Andika namba za sili zote. Usiseme utazikumbuka, hutazikumbuka.

Karatasi za kura. Zimekuja ngapi, zinaanza namba gani zinaishia ngapi. Andika.

Mashine ya KIEMS, ile inayotambua wapiga kura kwa kidole. Ikiwashwa inafaa kuonyesha hakuna mtu ametambuliwa bado, yaani sufuri. Andika na saa ulipoona.

Hizi dakika 30 za asubuhi ndizo watu huzipuuza na ndizo wakili atakuuliza kwanza kukitokea kesi.

Hatua ya 5: Mchana wote

Uchaguzi mdogo una karatasi moja tu na debe moja, kwa hivyo watu hupita haraka na mara nyingi wanaojitokeza ni wachache kuliko uchaguzi mkuu. Kuna masaa ya katikati ya mchana ambapo hakuna mtu kabisa, jua kali, makarani wanasinzia. Hapo ndipo unafaa kuwa macho zaidi. Usitoke nje kupiga stori. Ukienda msalani andika saa uliyotoka, mashine ikiwa imesoma watu wangapi, na ukirudi angalia tena imesoma wangapi.

Kila mpiga kura anaweka kidole, mashine inamtambua, jina linaitwa kwa sauti. Usikubali jina kunong'onezwa, omba lisemwe lisikike. Kidole kikikataa, na vidole vya wakulima na wafanyakazi wa mjengo hukataa sana, karani anatafuta kwa namba ya kitambulisho na inajazwa Fomu 32A mbele yenu maajenti. Hiyo ni halali kabisa, usimzuie mama wa watu kupiga kura yake. Ila zihesabu. Ukiona kituo chako zimefika nyingi kuliko inavyoingia akilini, uliza msimamizi na andika jibu lake.

Mpiga kura asiyeona au asiyejua kusoma anaruhusiwa msaidizi wa kuchagua mwenyewe, ila msaidizi huyo asiwe mgombea wala ajenti. Kama hana mtu, msimamizi wa kituo anamsaidia na maajenti wakishuhudia. Hapa kuna ujanja wa kuangalia: kijana mmoja anaingia na nyanya mmoja, baada ya nusu saa yuko tena na mzee mwingine, halafu tena. Hapo nyoosha mkono.

Wino kwenye kidole, karatasi kwenye debe, basi. Usimsogelee mpiga kura akiwa anatia alama, usipige picha, usiongee na foleni.

Hatua ya 6: Saa 11 jioni

Foleni inafungwa saa 11, lakini yeyote aliyekuwa kwenye foleni saa hiyo anapiga kura hata ikifika saa moja usiku. Askari au karani husimama nyuma ya mtu wa mwisho, enda nje umwone mtu huyo ni nani. Kama kituo kilichelewa kufungua asubuhi muda unafaa kuongezwa, na hapa ndio zile saa ulizoandika zinakusaidia.

Kabla debe lifunguliwe: soma tena namba za sili na ulinganishe na za asubuhi. Andika mashine imetambua watu wangapi jumla. Andika karatasi zilizobaki bila kutumika na zile zilizoharibika. Iliyoharibika ni ile mpiga kura aliikosea akairudisha akapewa nyingine, haikuingia debeni. Iliyokataliwa ni ile imetoka debeni lakini haihesabiki. Watu wanachanganya hizi mbili halafu hesabu inakataa kuingiana usiku.

Hatua ya 7: Kuhesabu

Kura zinahesabiwa pale pale kituoni, haziendi mahali. Msimamizi anafungua kila karatasi, anasema ni ya nani, anawaonyesha, inawekwa kwenye fungu la mgombea huyo. Wewe kazi yako ni kuona alama kwa macho yako. Kusikia jina haitoshi.

Nieleze kidogo kilichonipata. Ilikuwa karibu saa 3 usiku, stima imepotea, taa moja ya kuchaji mezani. Msimamizi amechoka, ameamka tangu saa 9 usiku, anainua karatasi anasema jina anaitupa kwenye fungu, anainua nyingine, na kidole gumba chake kiko juu kabisa ya pale penye alama. Maajenti wenzangu wamenyamaza, kila mtu anataka kwenda nyumbani. Nilisimama nikamwambia taratibu, "Samahani mkubwa, naomba ushike kwa pembe hatuoni alama, na tukikosa kuona hatutaweza kusaini." Akanitazama, akavuta pumzi, akashika kwa pembe. Karatasi ya tano baada ya hapo ilikuwa imewekwa alama kwa mgombea mwingine kabisa na alikuwa ameshataja jina. Aliirekebisha mwenyewe na akaomba radhi, na mimi naamini hadi leo ilikuwa ni uchovu tu. Lakini tulirudia zile za kwanza zote na zikapatikana 2 zaidi kwenye fungu lisilo lake. Hakuna aliyepigana, hakuna aliyetukana.

Karatasi inakataliwa kama haina alama za usalama za tume, kama imewekwa alama kwa zaidi ya mgombea mmoja, kama haijulikani mtu alimaanisha nani, kama haina alama kabisa, au kama namba yake ya mfululizo si ya kituo hicho na haiwezi kuthibitishwa. Alama si lazima iwe nzuri. Mzee ameweka tiki iliyopinda ikatoka nje kidogo ya kisanduku lakini unaona wazi ni ya nani, hiyo ni kura, itetee hata kama si ya mgombea wako, manake inayofuata itakuwa yako na utataka wenzako waseme ukweli. Ukiona imekataliwa bila haki, sema unapinga kukataliwa kwake, kuna nafasi ya kuandikwa hilo.

Hesabu ikiisha na una shaka, omba kura zihesabiwe tena. Una haki hiyo, lakini haiwezi kupita mara 2, kwa hivyo usiitumie kwa hasira. Omba ukiwa na sababu: "fungu la fulani lilikuwa na karatasi zimeshikana", kitu kama hicho.

Hatua ya 8: Fomu 35A, hapa usicheze

Haya yote ya juu ni kwa ajili ya karatasi hii, fomu ya matokeo ya kituo chako. Mahakama ya Rufaa iliamua mwaka wa 2017 kwenye kesi ya mwanaharakati Maina Kiai kwamba matokeo ya kituoni ni ya mwisho, huko juu kazi ni kujumlisha tu. Kwa hivyo kilichoandikwa kwenye 35A ya darasa lako ndio ukweli wa darasa lako, na bila nakala yake mgombea wako hana kitu cha kusimamia.

Kabla ya kusaini fanya hesabu hii na kalkuleta. Jumlisha kura za wagombea wote, ongeza zilizokataliwa, upate karatasi zilizotoka debeni. Mfano kura halali ni 412 na zilizokataliwa ni 6, debeni zilikuwa 418. Sasa linganisha na mashine. Ikiwa ilitambua 418 mko sawa. Ikiwa ilitambua 390 simama, msisaini mpaka hiyo 28 ielezwe.

Soma namba na maneno. Angalia 1 isiyofunga vizuri ikaonekana 7, angalia namba ya mgombea mmoja isiwe imeandikwa mstari wa mwingine, hilo hutokea sana majina yakifuatana na yanafanana. Kukiwa na kufutwa na kuandikwa juu, omba msimamizi asaini pale alipofuta.

Kisha saini, chukua nakala yako, na hakikisha nyingine imebandikwa mlangoni. Ipige picha yako na ya mlangoni pia, na tochi isiangaze moja kwa moja kwenye karatasi ikaleta mng'ao, pigia kwa upande. Tuma kwa ajenti mkuu kabla hujasogea.

Tafadhali usiondoke kwa kuambiwa "nakala utaipata kule kwa kujumlishia". Ajenti mmoja ninayemfahamu, dada mchapakazi sana, aliambiwa hivyo akaamini kwa sababu gari lilikuwa linaondoka. Alifika kule saa 8 usiku, akazungushwa mpaka asubuhi, na karatasi hakuipata. Alilia mbele yangu.

Hatua ya 9: Mpaka kituo cha kujumlishia

Fuata debe na fomu zikiondoka kama kuna usafiri, au uhakikishe mwenzako yupo upande ule mwingine. Msimamizi wa uchaguzi anajumlisha 35A zote kwenye Fomu 35B, ndipo anatangaza, na mshindi anapewa cheti, Fomu 35C. Ajenti mkuu akiwa na picha zenu zote anasoma sambamba na yeye, kituo kwa kituo. Namba ya kituo chako ikisomwa tofauti na uliyosaini, hapo ndipo nakala yako halisi inatolewa mezani.

Mambo yakienda vibaya

*Nimekataliwa kuingia.* Uliza sababu kwa upole, iandike pamoja na saa. Mpigie ajenti mkuu, yeye ampigie msimamizi wa eneo bunge. Mara nyingi ni jina limekosewa na linarekebishwa ndani ya saa moja. Usisukumane na askari.

*Mashine imezima.* Kura zinasimama mpaka ifufuke au iletwe nyingine. Andika saa ilipozima, saa iliporudi, na namba iliyokuwa inasoma kabla na baada. Kisha omba muda huo ufidiwe jioni.

*Msimamizi amekataa kunipa fomu.* Usisaini chochote zaidi. Mwambie mbele ya maajenti wengine kwamba unaiomba, andika majina ya waliosikia. Ile ya mlangoni ipige picha, piga simu kwa wakili. Msitoke nje wote kwa wakati mmoja.

*Sikubaliani na matokeo, nikatae kusaini?* Unaweza, lakini andika sababu zako kwenye fomu. Jua pia kwamba kukosa saini yako au wewe kutokuwepo hakufuti matokeo peke yake. Wengi hutoka kwa hasira wakidhani wamezuia kitu, kumbe wamejifungia nje na hawana nakala. Ushauri wangu ni andika sababu zako, kisha chukua fomu.

*Nimepewa pesa nisaini.* Ondoka hapo alipo, mwambie ajenti mkuu na wakili usiku huo huo.

*Tumeshindwa na tuna ushahidi.* Kesi ya kupinga inapelekwa Mahakama Kuu ndani ya siku 28 tangu matokeo yatangazwe, na mahakama ina miezi 6 ya kuamua. Siku 28 zinaisha haraka sana. Lile daftari usiliandike upya vizuri nyumbani, lipeleke kwa wakili lilivyo, na madoa yake ya chai, pamoja na 35A halisi. Wewe baki na nakala, na usizime simu mpaka siku hizo ziishe.